USIMPE MTOTO KAZI YA HAKIMU: FILAMU ZA TALAKA NA UONGO TUNAOWALISHA WATOTO WETU

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, darsa la leo ni refu. Anayesoma akiwa kwenye daladala aliweke, alisome akifika nyumbani. Na aliyeachana na mwenzake huku wana watoto, namuomba alisome mara mbili.

Nianze na kisa. Nimebadilisha mambo machache ili mwenyewe asijulikane.

Tuna binti mmoja kwenye madrasa yetu, umri wake miaka kumi. Wazazi wake wameachana, sasa ni mwaka wa pili. Siku moja baada ya kipindi wenzake waliondoka, yeye akabaki nyuma akikunja mkeka ambao ulikuwa umeshakunjwa. Nikajua ana neno. Nikamwambia, "Sema mwanangu." Akasema, "Ustadh, kuna filamu ya mapacha. Wazazi wao waliachana, wale watoto wakafanya ujanja mpaka wakawarudisha. Mimi nimejaribu mara tatu. Nimekosea wapi?"

Nikamuuliza alijaribu nini. Mara ya kwanza alijifanya anaumwa tumbo ili baba na mama wakutane hospitali. Wakakutana kweli, wakagombana pale pale mapokezi kuhusu nani alipe. Mara ya pili alichukua simu ya mama yake usiku akamtumia baba ujumbe wa mapenzi. Baba akaupiga picha, akamuonesha mke wake mpya kama kituko. Mara ya tatu, anasema, alifunga Jumatatu na Alhamisi akamuomba Allah.

Wallahi nilikosa la kusema kwa muda. Mtoto wa miaka kumi amebeba ndoa ya watu wazima wawili mgongoni, na anaamini imemshinda kwa sababu yeye hakuwa hodari kama wale mapacha.

Nilipomuuliza filamu ile aliipata wapi, akasema mama ndiye aliyemuwekea, "ili nielewe mambo ya kuachana."

Hapo ndipo lilipotoka darsa hili.

NINABISHANA NA NANI?

Nabishana na makundi mawili.

Kundi la kwanza ni wazazi wanaosema: filamu hizi zinafundisha, tuwawekee watoto waone kwamba hawako peke yao. Nia nzuri. Lakini unamwekea mtoto kitu ambacho wewe mwenyewe hujakitazama mpaka mwisho, kisha unaenda jikoni kupika. Umempa mwalimu usiyemjua, na somo lenyewe ndilo zito kuliko yote katika maisha yake.

Kundi la pili ni ndugu zangu wenye kanzu na kofia kama mimi, wanaosema: "Hayo ni mambo ya Wazungu. Sisi tuna sheria, kwetu mtoto wa talaka hana shida." Hawa nitawafikia, na nitawakalia zaidi kuliko wale wa kwanza.

Mtu asiniulize leo hukumu ya kutazama filamu, hilo ni darsa lingine. Mimi nazungumzia kitu ambacho tayari kiko sebuleni kwako na kwenye simu ya mwanao. Wala sikuzaliwa na kofia kichwani. Ujana wetu tumekaa kwenye vibanda umiza mpaka jasho likachuruzika. Hizi nitakazozitaja nimezitazama. Na baada ya yule binti nimezitazama tena, nikiwa na kalamu.

UONGO WA KWANZA: KWAMBA MTOTO NI FUNDI WA NDOA

Filamu ya yule binti inaitwa The Parent Trap. Ilitengenezwa Marekani na kampuni ya Disney mwaka 1961, ikarudiwa mwaka 1998, na mapacha wote wawili akiigiza msichana mmoja, Lindsay Lohan. Asili yake ni kitabu cha watoto cha Mjerumani Erich Kästner kilichotoka mwaka 1949. Kwa hiyo hadithi hii imekuwa ikiwaliza na kuwachekesha watoto wa dunia kwa zaidi ya miaka sabini.

Katika ile ya 1998, mume na mke wanaachana, kila mmoja anachukua pacha mmoja. Baba anabaki California, mama anakwenda London. Watoto hawaambiwi kwamba wana ndugu. Wanakuja kukutana kwa bahati kambini wakiwa na miaka kumi na mmoja, wanabadilishana nafasi, wanapanga hila, na mwisho wazazi wanarudiana. Watu wanapiga makofi.

Sasa tulia uitazame kwa jicho la Kiislamu.

Baba na mama wamekubaliana kuwaficha watoto wawili wa tumbo moja, miaka kumi na mmoja, mmoja asijue kama mwenzake yupo. Kwetu hili lina jina: ni kukata udugu, na ni katika madhambi makubwa. Katika filamu hakuna anayewauliza wazazi, "Mlithubutu vipi?" Wazazi wamefanya dhulma, watoto wanairekebisha, wazazi wanapewa zawadi ya harusi ya pili.

Na yule mwanamke ambaye baba alitaka kumuoa? Watoto wanamtia mjusi mwilini, wanalisukuma godoro lake ziwani akiwa amelala juu yake. Sisi watazamaji tunacheka, kwa sababu mwandishi amemfanya mwanamke yule mbaya ili tucheke bila kuona aibu. Mtoto wako anacheka pia. Kisha kesho baba yake anaoa. Mama wa kambo anaingia nyumbani, pengine mwanamke mcha Mungu, mpole, na yeye akiwa na hofu zake. Mtoto anamtazama na kuutafuta mjusi.

Lakini ubaya mkubwa kuliko yote ni ule ulioonekana kwa binti yetu. Filamu inamfundisha mtoto kwamba ndoa ya wazazi ni kitendawili, na mtoto mwerevu hukitegua. Basi wazazi wasiporudiana, kosa ni la nani? Ni la mtoto ambaye hakuwa mwerevu wa kutosha.

Hakuna mwanachuoni hata mmoja aliyesema suluhu ya wanandoa ni wajibu wa mtoto. Qur'ani katika Surat An-Nisaa, aya ya 35, imeelekeza nani wasuluhishe: mpatanishi kutoka jamaa za mume na mpatanishi kutoka jamaa za mke. Ni watu wazima wenye busara. Kazi ile imepewa wajomba, mashangazi, mababu na masheikh. Tukiikimbia sisi, inaangukia chini, na aliye chini ni mtoto. Yeye ndiye anayeiokota.

UKWELI NUSU: BABA ALIYEVAA GAUNI

Ya pili ni Mrs. Doubtfire ya mwaka 1993. Baba ameachwa, mahakama ya San Francisco imempa Jumamosi tu ya kuona watoto wake watatu. Hawezi kuvumilia. Anajigeuza bibi mzee, anavaa gauni na sura ya bandia, anaajiriwa yaya nyumbani kwa mtalaka wake.

Hukumu ya mwanamume kujifananisha na mwanamke inajulikana, sitakaa hapo.

Nataka kuitendea filamu hii haki, kwa sababu haki ni wajibu hata kwa usiyekubaliana naye. Kwanza, inaonesha baba anayeumia kwa kukosa watoto wake. Ndugu yangu, wewe ambaye mwanao anakaa mtaa wa tatu na hujamwona tangu Idd iliyopita, yule mwigizaji na gauni lake anakuhukumu. Yeye alidanganya dunia nzima ili awapikie watoto wake chakula cha jioni. Wewe huna hata haja ya kudanganya, unahitaji nauli ya bodaboda.

Pili, wazazi wale hawarudiani. Filamu inamalizika wakiwa wameachana, na mama mwenyewe anaruhusu baba awaone watoto kila siku baada ya shule. Hapo waandishi walisema ukweli ambao The Parent Trap ilishindwa kuusema.

Lakini kuna sehemu watu wanaipita haraka. Watoto wawili wakubwa wanagundua kwamba yaya ni baba yao. Kuanzia hapo lazima wafiche, wamfiche mama yao na mdogo wao. Watazamaji wanacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu hicho ndicho kinachofanyika Tanga, Mombasa, Unguja na Kariakoo kila wikiendi. "Usimwambie mama yako kwamba nimenunua gari." "Usimwambie baba yako kwamba mjomba fulani alikuja." Mtoto anageuzwa sanduku la siri la pande mbili, na funguo zote mbili anazo yeye. Anajifunza kunyamaza. Kisha anajifunza kudanganya. Akifika miaka kumi na tano unaniletea madrasa unasema, "Ustadh, mtoto huyu muongo, msomee." Nimsomee yeye au nikusomee wewe?

BABA ASIYEJUA DARASA LA MWANAWE

Ya tatu ni Kramer vs. Kramer ya mwaka 1979, iliyopata tuzo tano za Oscar ikiwemo ya filamu bora ya mwaka. Mama anaondoka ghafla, anamwacha mtoto mdogo aitwaye Billy na baba aliyezama kazini. Asubuhi ya kwanza baba hajui hata kupika kifungua kinywa: anaunguza mkate, anamwaga, anapiga kelele. Akimpeleka shule anamuuliza mtoto yuko darasa la ngapi.

Anamuuliza mtoto!

Baba wangapi wanaosoma hapa wakiamshwa sasa hivi wanajua jina la mwalimu wa darasa la mwanao? Au saizi ya kiatu chake?

Katika filamu hiyo Billy anafika mahali anamuuliza baba yake kama mama aliondoka kwa sababu yeye Billy alikuwa mbaya. Baba anamwambia hapana, na anakiri makosa yake mwenyewe kama mume. Ndugu zangu, swali lile si la Marekani. Kila mtoto wa talaka analo. Wa kwako analo sasa hivi, amelala nalo. Hajakuuliza kwa sababu anaogopa jibu.

Lakini jina la filamu lenyewe linatwambia tatizo: Kramer dhidi ya Kramer. Ni kesi, na katika kesi lazima mmoja ashinde. Mtoto anaanguka kutoka kwenye vyuma vya michezo, baba anambeba mbio mpaka hospitali anashonwa. Kisha ajali ile ile inatumika mahakamani kama silaha dhidi ya baba. Kidonda cha mtoto kinakuwa kielelezo cha kesi. Mahakama inampa mama. Mwisho mama anakuja kumchukua, anatambua kwamba mtoto tayari yuko nyumbani kwake, anaacha.

Allah alishalizungumza jambo hili katika Surat Al-Baqara, aya ya 233. Maana yake kwa ufupi: mama asitiwe madhara kwa sababu ya mtoto wake, wala baba asitiwe madhara kwa sababu ya mtoto wake. Aya inazungumzia kunyonyesha, na wanavyuoni wameichukua kuwa msingi mpana: mtoto hafai kuwa fimbo ya kumpigia mzazi mwenzio. Na hata kumwachisha ziwa, aya inataka wazazi waridhiane na washauriane. Ikiwa kumwachisha mtoto ziwa kunahitaji mashauriano, je, kumhamisha shule? Je, kumpeleka kwa bibi yake Mtwara bila mama kuambiwa?

SASA NIJE KWETU

Sasa wale ndugu zangu wa "hayo ni ya Wazungu."

Ya nne haikutoka Hollywood. Imetoka Iran, nchi ya Waislamu, mahakama ya Waislamu, wanawake wamejisitiri. Inaitwa kwa Kiingereza A Separation, ya mwaka 2011, imeongozwa na Asghar Farhadi. Ilipata Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni, ya kwanza kwa Iran. Binti aliyeigiza mtoto ni binti wa mwongozaji mwenyewe.

Katika filamu hii hakuna shetani. Mama anataka kuhama nchi kwa ajili ya mustakabali wa binti yao. Baba hawezi kuhama kwa sababu mzee wake ana maradhi ya kusahau na hana wa kumwangalia. Wote wana hoja. Baba yule anamuogesha mzee wake kwa mikono yake, na sisi tunaotoa darsa za kuwatendea wema wazazi tunapaswa kumheshimu.

Kisha baba anaingia kwenye kesi nyingine, ya mwanamke mjamzito aliyekuwa akimwangalia mzee. Swali la kesi: baba alijua kama yule mwanamke ni mjamzito? Binti, Termeh, mwenye miaka kumi na mmoja, anambana baba yake. Baba anakiri kwake kwamba alijua, na anamuachia yeye aamue: ukitaka nitakwenda kusema. Halafu hakimu anamuuliza binti. Na binti anadanganya kumuokoa baba yake. Ndani ya gari, wakirudi, machozi yanamtoka kimya kimya.

Subhanallah. Baba mwema, mwenye kumtumikia mzazi wake, amemfanya binti yake shahidi wa uongo. Hakumlazimisha, alimuachia tu mzigo. Na ushahidi wa uongo tunaujua uko wapi katika orodha ya madhambi makubwa.

Mwisho wa filamu hakimu anamuuliza Termeh: unachagua kukaa na nani? Anasema ameshaamua, ila anaomba wazazi watoke nje kwanza. Baba na mama wanakaa kwenye korido, mmoja huku, mmoja kule. Filamu inaisha. Hatusikii jibu.

Watu wengi wanakasirika, wanataka jibu. Mimi nasema huo ndio mwisho wa haki kuliko zote nne, kwa sababu jibu lolote lingekuwa kidonda. Aliyetengeneza filamu alikataa kumfanya mtoto achague mbele yetu. Laiti na sisi tungekuwa na aibu hiyo! Sisi tunamuuliza mtoto mbele ya mashangazi na majirani, huku amekula pilau ya watu: "Eti unampenda nani zaidi, baba au mama?" Na tunacheka akishindwa kujibu.

"LAKINI USTADH, MTUME ALIMPA MTOTO KHIYARI"

Najua kuna mwanafunzi wa fiqhi ameshaanza kuandika. Subiri, nalijua.

Ni kweli. Imepokewa kwa Abu Dawud kutoka kwa Abu Hurayra (R.A.) kwamba mwanamke alimjia Mtume (S.A.W.) akilalamika mumewe anataka kumchukua mtoto wake, ambaye alikuwa akimtekea maji na kumfaa. Mtume akawaambia kwanza wapige kura. Baba akapinga: nani atakayeshindana nami kwa mwanangu? Ndipo Mtume akamwambia kijana huyu ni baba yako na huyu ni mama yako, shika mkono wa umtakaye. Akashika mkono wa mama yake, akaondoka naye.

Itazame tena. Jambo la kwanza lililotajwa ni kura! Kura maana yake hakuna anayelaumiwa, hakuna aliyekataliwa. Khiyari ilikuja baada ya mtu mzima kung'ang'ania. Na khiyari yenyewe ilikuwa kushika mkono tu. Hakuulizwa sababu, hakuambiwa amshitaki mzazi yeyote. Dhehebu letu la Shafi linampa mtoto khiyari akifikia umri wa kupambanua, na tunalifuata. Lakini kumpa mtoto khiyari mbele ya kadhi mwadilifu ni kitu kimoja, na kumnong'oneza usiku mzima aseme nini mbele ya kadhi ni kitu kingine kabisa. Hata Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 125, inataka matakwa ya mtoto yaangaliwe akiwa na umri wa kutoa maoni ya kujitegemea. Ya kujitegemea, si yale aliyokaririshwa kama juzuu.

UMAR ALINYAMAZA

Na kwa wanaume wenzangu, wale wa "mtoto ni damu yangu, hakuna wa kuniambia kitu," nawaletea Umar bin Al-Khattab (R.A.).

Imamu Malik ameipokea katika Muwatta. Umar aliachana na mkewe wa Kiansari, aliyemzalia Asim. Siku moja Umar akafika Quba, akamkuta Asim anacheza kwenye uwanja wa msikiti. Akamshika mkono, akampandisha kwenye mnyama wake. Bibi yake mtoto, mama wa mama, akamfuata na kumgombania. Wakafika kwa Abubakar (R.A.), akiwa Khalifa. Umar anasema mwanangu. Bibi anasema mwanangu. Abubakar akaamua: mwachie.

Umar hakurudisha neno.

Umar! Mtu ambaye watu walibadili njia wakimwona anakuja. Hukumu imempa bibi kizee mtoto wake wa kumzaa, na Umar amenyamaza. Wewe ni nani, mwenye duka la vipuri na sauti kubwa, unayekwenda kumvuta mtoto shuleni kwa nguvu ili "umkomeshe" mama yake?

TUNAYOYAFANYA SISI

Tusiwaseme Wamarekani tu. Tutazame filamu yetu wenyewe, ile isiyopigwa picha.

Mume anatoa talaka kwa ujumbe wa simu, na mtoto ndiye anayeusoma kwa sababu mama hajui kusoma vizuri. Mke anafukuzwa usiku ndani ya eda, wakati Surat At-Talaq inaanza kwa kukataza kuwatoa kwenye nyumba zao. Mabegi yako mlangoni, watoto wamesimama kwenye baraza, majirani wanachungulia. Matunzo yanakatwa mara mama akiolewa, kana kwamba tumbo la mtoto nalo limeolewa. Na akina mama nao: status za mafumbo kila asubuhi, mtoto anasoma anajua anayesemwa ni baba yake. Pesa ya baba ikichelewa, anatumwa mtoto: "Mpigie baba yako, mwambie tumelala njaa." Mtoto wa miaka minane amekuwa mkusanya madeni.

Filamu hizo nne zina makosa, nimeyasema. Lakini angalau katika kila moja kuna mtu aliyekaa chini akajiuliza: je, mtoto anaonaje? Sisi tuna Surat At-Talaq nzima, tuna aya za Al-Baqara, tuna Sunna, na mtoto anapotuuliza tunamwambia, "Mambo ya wakubwa, nenda kacheze." Kisha tunamwekea filamu.

TUFANYE NINI?

Kwanza. Mwambieni mtoto nyinyi wawili, pamoja, kwa maneno machache. Kwamba mmeachana, kwamba si kosa lake, kwamba hamtarudiana akifanya hili au lile, na kwamba nyote ni wazazi wake mpaka kufa. Kama eda haijaisha na mna nia ya kurejeana, mlimalize wenyewe kwanza, msimtundike mtoto katikati.

Pili. Mpeni ratiba. Mtoto anataka kujua atalala wapi, nani atamfuata shule, Idd atakuwa kwa nani.

Tatu. Ujumbe, pesa na malalamiko vipite kwa watu wazima. Ikiwa hamuwezi kuzungumza, tafuteni mjomba, imamu, au ofisi ya ustawi wa jamii. Mtoto asiwe tarishi.

Nne. Baba, matunzo ya mtoto hayafungamani na hasira zako kwa mama yake. Mama, haki ya mtoto kumwona baba yake haifungamani na matunzo kuchelewa. Kila mmoja ana hesabu yake mbele ya Allah.

Tano. Ukimwekea filamu, kaa naye mpaka mwisho, na mwisho zungumza naye. Mwambie lipi la kweli na lipi la kutungwa. Kama huna muda wa kukaa naye, usiiweke.

KUHUSU YULE BINTI

Wengi mtaniuliza nilimjibu nini.

Nilimwambia: "Hujakosea popote. Ile haikuwa kazi yako." Nikamwambia dua yake haikupotea, maana Allah hutoa lile lililoombwa, au huondosha shari mfano wake, au huliweka akiba mpaka Akhera. Na saumu yake imeandikwa.

Kisha nikawaita wazazi. Walikuja siku moja lakini saa mbili tofauti, maana hawakutaka kuonana. Niliwakatalia. Nikasema siwezi kumfundisha mtoto wenu adabu ikiwa nyinyi hamuwezi kukaa mkeka mmoja dakika ishirini. Wiki iliyofuata walikaa. Baba aliomba radhi kwa ile picha ya ujumbe. Hakusema mengi, lakini alisema. Mama akamwambia mwanawe wazi kwamba hawatarudiana.

Nilidhani atalia. Hakulia. Aliwatazama wote wawili akauliza, "Kwa hiyo Ijumaa nalala wapi?"

Wakatazamana. Miaka miwili, na hakuna aliyekuwa amemjibu swali hilo. Wakapanga pale pale, mbele yangu, Ijumaa moja huku na Ijumaa moja kule. Sijui kama wataishika. Ya kwanza wameishika, na nawafuatilia.

Ewe Mola wetu, turekebishie nyumba zetu. Zile zilizovunjika, zijaalie zivunjike kwa wema na si kwa dhulma. Wahifadhi watoto wetu na midomo yetu, na utusamehe kwa mizigo tuliyowabebesha bila kujua na tuliyowabebesha huku tukijua. Amin.

Wallahu a'alam.

Mwenye swali aulize hapa chini kwa adabu. Msitaje majina ya watoto wala ya watalaka wenu, nitafuta. Mfikishie na mwenzio, hasa yule ambaye mwanao anakaa kwake.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.